Mkwe Ndani ya Chumba cha Daktari

Ninaandika nikiwa nimekaa upandeupande, kwa sababu upande wa kushoto wa tumbo langu kuna mfuko. Ndani yake kuna kinachotoka kwa watu wote, ila kwangu kinatokea mbele. Nimeshaona aibu ya kila namna kwa ajili ya mfuko huu. Umewahi kulegea nikiwa msikitini, na jamaa aliyekuwa kulia kwangu akasogea taratibu. Umewahi kuvuja dukani, mteja akainua mguu akakagua soli ya kiatu chake, akidhani amekanyaga kitu huko njiani. Nami nikakagua changu pia, ili tufanane.

Hiyo ni aibu ndogo, nimeizoea. Aibu inayoninyima raha ni ya mama mkwe wangu, mwanamke wa Kinyangiri. Kwa jinsi daktari alivyokuja kutueleza baadaye, ugonjwa ulionipa mimi mfuko ndio uliompitia yeye kwanza, na yeye hakupata mfuko, alipata kaburi. Watu husema ni Mungu tu, huyu amechukuliwa na huyu ameachwa. Sibishani na Mungu. Lakini mimi nilikuwepo, na najua kwamba kabla ya Mungu kuamua kulikuwa na chumba kidogo cha daktari, na ndani ya chumba hicho kulikuwa na mtu mmoja wa ziada.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni za kugawiwa, mara tukaona maduka ya Singida yamejaa vitu hadi vibarazani. Mimi nilianza na rundo la mitumba chini, juu ya turubai, karibu na soko. Rundo likawa kibanda, kibanda kikawa duka la kanga, vitenge na shuka. Nikajiona mtu. Nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na uani nikachimba choo chenye sakafu ya saruji, ukuta uliopigwa lipu na mlango wa bati wenye komeo la chuma. Mgeni akija nilimwonyesha choo kabla ya sebule.

"Wewe nawe," mke wangu alikuwa akinicheka, "mgeni hajakaa unampeleka chooni. Nani kakwambia amekuja kuhara?"

Mke wangu kwao ni Kinyangiri, Mnyiramba. Mimi kwetu ni upande wa Ikungi, Mnyaturu, ingawa nimekulia mjini. Mengi ya kwao na kwetu yanatofautiana, lakini moja halina mjadala: mkwe na mama mkwe hawazoeani. Humtazami usoni. Hamli chumba kimoja. Ukikutana naye njiani unaiacha njia, naye anajikunja pembeni, kanga usoni, mnasalimiana kila mtu akiangalia majani yake. Na choo anachoingia mkwe, mama mkwe haingii huku mkwe akimwona. Hakuna aliyeliandika hilo mahali, na hakuna anayelisimamia. Kila mtu anajilinda mwenyewe.

Mimi nilikuwa hodari wa adabu hiyo. Siku za posa wazee wa Kinyangiri walinipima, maana walikuwa wanaogopa vijana wa mjini, na mwisho mmoja wao akasema, "Huyu ni wa mjini lakini ana haya." Maneno yale niliyabeba kama mtu aliyepewa ndama. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuuona uso wa mama mkwe wangu sawasawa. Hadi leo ukiniambia nimweleze, nitakueleza mikono yake, kisigino chake chenye nyufa, na kanga yake ya njano iliyopauka. Uso sina.

Alikuwa mjane. Alikuja kwetu baada ya mavuno ya uwele, akashuka basi na kuku wawili waliofungwa miguu na dumu la mafuta ya alizeti. Mke wangu akaniambia mama anaumwa tumbo. Nikauliza, tumbo la namna gani? Akasema, "Tumbo tu." Sikuuliza tena, kwa sababu tumbo la mama mkwe si mazungumzo ya mkwe.

Hapo ndipo choo changu cha sifa kilipogeuka kuwa kizuizi. Kilikuwa katikati ya ua, mlango wake ukitazama kibaraza nilichopenda kukaa. Siku za kazi alisubiri niondoke kwenda dukani. Lakini Jumapili nilikuwa sifungui duka. Nilitoa kiti changu kibarazani, nikaweka redio pembeni, nikashinda pale na upepo wetu wa Singida unaopeperusha hata kuku, na yeye alishinda chumbani. Nilimsikia mke wangu akimbembeleza kwa Kinyiramba ale hata tonge mbili za ugali na mlenda, naye akikataa. Nikadhani ni ugonjwa unamkatisha hamu. Sasa najua kwamba alikuwa anajipangia: asiyekula hana haja ya kutoka.

Na si kwamba sikuwa na mfano. Baba yangu mzazi, bibi mzaa mama alipokuja kwetu kutibiwa, alichukua blanketi lake akahamia kwa jirani mpaka bibi akaondoka. Sisi watoto tulidhani wamegombana na mama. Mimi nilikuwa na duka lenye chumba cha nyuma, chenye kitanda, ningeweza kwenda kulala huko hata mwezi. Halikunijia. Niliona adabu ni kutomtazama, basi, na kwa kutomtazama nilikuwa bingwa.

Miaka hiyo zahanati za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinafunguliwa. Hospitali za serikali zilikuwa zimeanza kuomba mgonjwa achangie, na dawa mara nyingi unaambiwa kanunue nje. Karibu na stendi palikuwa na zahanati ya mganga mmoja mstaafu ambaye sote tulimwita daktari, imepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa dirisha, na ndani ina benchi jipya linalonukia vanishi. Nikasema mama mkwe wangu hapangi foleni na mtu, anaenda pale. Mke wangu akasema sawa, atampeleka yeye.

"Utaongea nini na daktari wewe?" nilimwambia. "Yule ananijua mimi. Mashuka aliyotandika kwenye vile vitanda amenunua kwangu."

Tukaenda wote. Mimi nilitangulia mbali mbele, wao wakafuata mbali nyuma, na kila nilipokutana na mtu nikasimama kumwambia nampeleka mama mkwe kwa daktari wa kulipia. Nilikuwa na furaha siku ile, si vizuri kudanganya. Nilikuwa nimevaa shati jipya.

Kile chumba cha daktari kilikuwa kidogo, kimekatwa kwa mbao nyembamba kutoka kwenye chumba cha sindano. Daktari akatoa kichwa mlangoni akasema, "Aingie mgonjwa na mwenyeji wake mmoja." Mke wangu akainuka. Alikuwa ameshika mkono wa mama yake tayari. Nami nikainuka, nikampita, nikaingia mimi. Nilichokuwa nafikiri nakikumbuka vizuri: mwenyeji wa mgonjwa ni yule anayelipa.

Mama mkwe alipoona ni mimi, alisita mlangoni. Akageuka kumtazama binti yake. Kisha akaingia, akakaa kwenye stuli akiuelekea ukuta, kanga imepanda hadi mdomoni. Mimi nikasimama nyuma yake, macho yangu nikayaweka kwenye kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya trekta. Hata pale niliona nimeishika adabu, maana nilikuwa simtazami.

"Haya, bibi anasumbuliwa na nini?" daktari aliniuliza mimi.

"Tumbo, daktari."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi kidogo," nikasema, na sikuwa najua hata kidogo.

Kisha akamgeukia mwenyewe. "Mama, unapata choo vizuri?"

Nilihisi masikio yanapata moto. Upande wa pili wa mbao mtoto alikuwa analia kwa sindano, nikashukuru kilio chake maana kilifunika kimya chetu. Nilimkasirikia daktari. Mtu mzima yule, mwenye mvi, hana haya, anataja choo mbele ya watu wawili ambao hata maji hawanywi pamoja! Haikunijia kwamba daktari alikuwa anafanya kazi yake, na kwamba asiye na kazi mle ndani ni mimi. Mlango ulikuwa nyuma yangu, umefungwa kwa pazia tu. Ningeinua mkono ningeligusa.

"Vizuri," akasema mama mkwe.

"Huoni damu?"

"Hapana."

"Hapana kabisa?"

"Hapana, baba."

Alisema kwa sauti ndogo, akiuambia ukuta. Daktari akampa dawa ya minyoo na vile vidonge vichungu vya amiba, akamwambia apunguze pilipili, kitu ambacho sijui kama alishawahi kula. Nililipa nikiwa nimesimama mahali ambapo watu wote wa kwenye benchi wangeniona. Mke wangu akamuuliza mama yake kwa Kinyiramba, na mama akatikisa kichwa.

Baada ya siku chache akasema amepona, anataka kurudi kwake, kuku wake wataliwa na kicheche. Mke wangu akamsindikiza stendi. Mimi nilimuaga nikiwa ndani ya duka, kwa sauti, nikiwa nimempa mgongo kama inavyotakiwa. "Shikamoo mama, safari njema." "Marahaba baba, Mungu akuzidishie." Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Alizeti ilikuwa bado haijakomaa walipotuletea habari. Tumbo lilikuwa limevimba na choo kimefunga kabisa. Majirani walimpakia kwenye tela la trekta kumkimbiza Kiomboi, akafia njiani.

Kule msibani nilikaa na wakwe wenzangu, pembeni. Nilisifiwa. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliandika. Mzee mmoja wa ukoo alisimama mbele ya watu akasema marehemu hakutupwa, mkwe wake alimpeleka hospitali ya kulipia mjini, na wakwe wengine waige. Watu wakanigeukia, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Halafu yule mzee akaongeza kwamba tatizo ni mama zetu hawa, wanaficha, na wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wanaume wote tukaitikia. Hakuna aliyeuliza alikuwa anamficha nani.

Tuliporudi Singida mke wangu hakusema na mimi siku nyingi, zaidi ya chakula hiki na maji hayo. Nikadhani ni majonzi. Asubuhi moja alikuwa jikoni anachambua dagaa, nami nikaja kumfariji kwa maneno yangu ya dukani. Nikasema, tulijitahidi, tulimpeleka, angalau hatujilaumu.

"Mama alikuwa anatoka damu," akasema, hajainua kichwa. "Chooni. Muda wote ule. Aliniambia stendi, mguu mmoja umeshapanda basi."

"Na kwa nini hakumwambia daktari?" Nilishapandisha sauti. "Si aliulizwa? Mimi nimesikia kwa masikio yangu anaulizwa!"

Akaniangalia. "Ulikuwepo," akasema.

Nilikasirika sana. Mimi nina hasira za karibu, watu wa sokoni wanajua, na siku ile nilizitumia zote. Nilisema ni mimi niliyelipa. Nilisema yeye kama alijua stendi, kwa nini hakumshusha kwenye basi? Akajibu kwamba alimsihi, na mama akasema hawezi kurudi kwa daktari kukiri amedanganya, mkwe atajua kisa. "Na mimi ningekwambiaje?" akauliza. "Ningesemaje, mama yangu choo chake kina damu? Kwako wewe?" Nilipiga teke beseni la dagaa, nikaenda dukani. Jioni dagaa walikuwa mezani wamepikwa, nikala, na sikuomba radhi.

Miaka ikapita. Duka likakua, watoto wakasoma, wengine wakaondoka. Kisha mimi mwenyewe nikaanza kuona damu.

Ukidhani nilikumbuka, bado hujanijua. Nilisema ni bawasiri. Wanaume wote wa sokoni wana bawasiri, ndivyo tulivyokuwa tunataniana, kwa sababu ya kukaa kutwa kwenye stuli ngumu. Nikanunua mizizi kwa muuza dawa wa kienyeji, nikachemsha mwenyewe nikimwambia mke wangu ni ya nguvu za mgongo. Akacheka, mimi nikaacha acheke. Nikakonda, nikasema ni biashara. Mlango wangu wa bati wenye komeo la chuma ukawa unanifungia mle ndani muda mrefu, nimeinama na kuuma kiganja.

Siku niliyozidiwa dukani walinipeleka hospitali, na mke wangu akaja mbio na kanga ya nyumbani, hata kuibadilisha hakubadilisha. Daktari alikuwa kijana wa rika la mwanangu mkubwa. Akanipapasa tumbo, akaniuliza swali lile lile.

"Mzee, unapata choo vizuri?"

"Vizuri tu, daktari."

"Huoni damu?"

"Hakuna."

Naapa nilijibu vile bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu. Na mke wangu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akasema, "Si kweli. Damu inatoka tangu alizeti ya mwaka jana."

Niliona kama nimevuliwa nguo sokoni. Nikamkodolea macho. Hakuyakwepa. Akamweleza kijana yule kila kitu: rangi ya damu, nguo nilizokuwa nazifichaficha chini ya godoro, mizizi ya mgongo. Akaniambia mimi, mbele ya daktari, "Nani anafua nguo zako? Ulidhani zinajifua?" Kijana akaandika, na kabla ya wiki kwisha tukaambiwa ni kansa ya utumbo mpana, upande wa chini kabisa, na kwamba lazima niende Dar es Salaam.

Hilo la kufua nimelifikiria sana. Mama mkwe alikuwa akifua nguo zake mwenyewe, alfajiri, kabla watu hawajaamka, na kuzianika ndani. Alifua za mume wake mpaka mume akafa, akafua za watoto mpaka wakaoa na kuolewa. Za kwake hakuna aliyewahi kuzigusa. Mwanamume hata akificha vipi, kuna mtu anamfulia. Mwanamke akificha, amefika mwisho wa safari, hakuna macho mengine.

Na kuna lile la safari yenyewe. Niliposhikwa, ndugu zangu wa Ikungi walikaa kikao jioni moja, asubuhi ng'ombe wakapelekwa mnadani. Hakuna aliyeuliza kama kuna haja. Baba wa familia anaumwa. Alipokuwa anaumwa mama mkwe, ng'ombe wa marehemu mumewe walikuwa mikononi mwa mashemeji zake huko Kinyangiri, na hakuna kikao kilichokaa, kwani tumbo la mwanamke mzee ni kitu cha kukalia kikao? Hata yeye mwenyewe angewaona wamechanganyikiwa.

Dar nilikaa wodini muda mrefu. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa watu wa kila mahali, wafanyabiashara, walimu, wa Pwani, wa Kaskazini, na wachache wa mikoa yetu hii ya kati, tunatambuana kwa lafudhi. Muuguzi mmoja mama wa makamo alizoea kuniosha kidonda na kunichokoza ili nisilie. Siku moja akaniuliza kwetu ni wapi, nikasema Singida.

"Wa Singida mnakuja kidogo, na mkija ni nyie akina baba," akasema. "Akina mama wenu siwaoni. Au huko wao hawaugui?"

Wa vitanda vya jirani wakacheka, wakasema wanawake wa Singida ni wagumu, wanakula ugali wa mtama. Nami nikacheka. Kichwani niliona kanga ya njano imeegemea ukuta wa kijani. Nilijua mmoja wao alipo, nilijua na aliyemzuia kufika, na nikacheka na wenzangu hadi mshono ukaniuma.

Daktari aliyenipasua aliuliza habari za ukoo. Mke wangu akamweleza ya mama yake, ingawa mimi na mama yake si damu moja. Daktari hakuapa, alisema ugonjwa wa mtu aliyezikwa haupimwi, lakini dalili ndizo zile zile, na kwamba angefika mapema kama mimi, huenda. Alisema "huenda", akaishia hapo. Kisha akaongeza kwamba mke wangu sasa ndiye wa kuangaliwa, kwa kuwa wa damu ni yeye.

Nikarudi na mfuko. Mifuko ya hospitali iliisha mapema, tukawa tunatumia ya nailoni na vitambaa vya pamba ambavyo mke wangu alivikata kutoka kwenye shuka za dukani. Yeye ndiye aliyeviosha. Mimi niliyekuwa sitaki daktari ataje choo mbele ya mama yake, sasa choo changu kilikuwa mikononi mwa binti yake, mchana kweupe, uani, na maji ya karai yakimwagwa kwenye kile choo cha saruji. Hakuwahi kukunja pua. Ningefurahi kama angekunja.

Kisha nikaanza kumwona anakonda. Nikaona kanga zake zimeanikwa chumbani badala ya kambani. Nikaona amesukuma sahani. Niliyaona yote kwa sababu nilikuwa nimekaa nyumbani kama kuku anayeatamia, sina pa kwenda. Nikajitahidi siku kadhaa kulileta neno mdomoni. Mwisho nikamkuta anapepeta mtama, nikamuuliza kama daktari: "Mama watoto, unapata choo vizuri?"

Ungo ukasimama. Akatazama ukuta.

"Vizuri," akasema.

Ile sauti niliijua. Nilikuwa nimeisikia nikiwa nimesimama nyuma ya mama yake, nikitazama picha ya trekta.

Niseme mapema, msomaji asije akakaa roho juu: haukuwa ugonjwa ule. Vipimo vilichukua muda, na mimi niliutumia muda huo wote kusali kwa namna ambayo sikusali nilipokuwa naumwa mwenyewe. Ilikuwa bawasiri kweli, na upungufu wa damu, na mengine ya wanawake ambayo alikuwa amekaa nayo tangu uzazi wa mwisho. Alitibiwa, yuko hapa, nasikia anamfokea muuza mkaa nje. Lakini siku ninayoikumbuka ni ya kwanza, kabla hatujajua lolote.

Alikataa kwenda, nikamwambia tunaenda kwa ajili ya kidonda changu. Tulipofika nikamwambia daktari mgonjwa ni huyu. Chumba kilikuwa kikubwa, chenye viti vya kutosha. Daktari akanionyesha kiti, "Kaa, mzee, wewe si mgeni." Nikakaa. Mazoea. Akamuuliza mke wangu yale ya mwanzo, umri, uzazi, kisha akafungua kalamu akamuuliza kuhusu choo, na nikaona mkono wa mke wangu unaipandisha kanga, taratibu, kuelekea mdomoni.

Nikainuka. Nilisema nimesahau kitu nje. Daktari akashangaa kidogo, mke wangu hakugeuka. Nikatoka, nikauvuta mlango hadi ukalia, nikaenda kukaa kwenye benchi mwisho wa varanda, mahali ambapo nisingesikia maneno.

Maneno sikuyasikia, lakini sauti niliisikia. Nilitegemea kimya, au jibu moja la haraka. Badala yake alianza kuongea, akaendelea. Walioingia vyumba vingine wakatoka, wengine wakaingia, na yeye bado anaongea, anasimama kidogo, anaendelea, mara moja nikamsikia analia, kisha anaongea tena. Tumeoana tangu ujana wetu na sikuwa najua kwamba ana maneno mengi namna ile. Nilikaa pale na mfuko wangu umejaa, nikaacha tu.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na uso umefunguka. Alikuwa ameshika karatasi za vipimo. Tukatembea hadi getini. Mimi nilikuwa nyuma yake, nisijue kama niulize au ninyamaze.

Getini akasimama kunisubiri, akaniangalia mfuko ulivyoinua shati, akalinyoosha shati kwa mkono wake.

"Na mama angesema," akaniambia. "Ungetoka tu, angesema."

Nikamjibu, najua.